Nuru Imfuate Mkaazi: Mazungumzo juu ya Swichi na Dima Zisizo na Waya

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu kidogo kilichomo katika kila nyumba iliyotiwa umeme, nacho ni swichi ya taa. Na hasa nimekusudia kueleza habari za swichi na dima (yaani swichi za kupunguza mwanga) za namna mpya, ambazo hazihitaji waya wa kutoka ukutani hadi darini, bali huiamuru taa kwa mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi haya yanayoileta sauti yangu masikioni mwenu.

Aliyepata kukaa katika nyumba za mawe za Unguja au Lamu anajua kwamba upana wa vyumba vyake haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba, bali na urefu wa boriti za mikoko zinazoibeba dari, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Na vivyo hivyo, umeme ulipoingia katika nyumba hizo, mahali pa swichi hapakuchaguliwa na mkono utakaoiwasha, bali na njia nyepesi aliyoiona fundi ya kupitishia waya wake. Kwa sababu hiyo utakuta chumba ambacho swichi yake imejificha nyuma ya mlango, au iko upande wa pili wa kitanda, au iko chini ya ngazi na juu hakuna, hata mzee anayetaka kushuka usiku analazimika kwanza kupapasa gizani daraja baada ya daraja ndipo afikie taa ya kumwangazia njia aliyokwisha kuipita. Mambo haya tumeyazoea mno hata tukadhani kwamba ndivyo nyumba zilivyo, ilhali si nyumba zilizotaka hivyo, ni waya. Faida ya swichi isiyo na waya, kwa rai yangu, ni kwamba inaiondoa amri hiyo kwenye waya na kuwarudishia wakaazi wenyewe, wote pamoja, mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni. Na pale ambapo amri hiyo inaondolewa kwenye waya na kukabidhiwa simu ya mtu mmoja, au kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, basi tumehama kutoka udhia mmoja kwenda mwingine mkubwa zaidi.

Kuta za nyumba hizo ni za matumbawe yaliyofungamanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha nusu mita na pengine zaidi, na fundi anayetaka kuuficha waya ndani yake hana budi kuuchimba ukuta kwa tindo na nyundo, chokaa ikabanduka pande kwa pande kuliko alivyokusudia, na akaziba kwa saruji ambayo haipumui pamoja na chokaa, unyevu ukapata mahali pa kujikusanya. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Sayyid Barghash, na ambalo husifiwa kuwa ndilo jengo la kwanza la Unguja kutiwa taa za umeme, liliporomoka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020. Sisemi hata kidogo kwamba ni waya uliolifikisha hapo, ila nasema kwamba aliyeuona mporomoko ule hatashika tindo kwa wepesi mbele ya ukuta wa matumbawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka uliofuata, na katika miji hiyo kumwachia fundi wa tindo auguse ukuta ni jambo la kuombewa idhini. Kwa hiyo faida hii, ambayo kwa mwenye nyumba ya matofali ni ya raha tu, kwa mwenye nyumba ya kale ni ya kuihifadhi amana.

Sasa natuangalie namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Swichi ya kawaida, ambayo asili yake ni ile aliyoibuni John Henry Holmes huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1884, akaitia springi ili vyuma viachane kwa ghafla na cheche isipate wasaa wa kuviunguza, inaukata umeme wenyewe: umeme wa taa unapita ndani yake, chini ya kidole chako. Swichi isiyo na waya imegawanywa vipande viwili vinavyokaa mbalimbali. Kimoja ni kitufe, ambacho hakipitishi umeme wa taa hata chembe, bali hutoa ujumbe tu. Cha pili ni kipokezi, kijisanduku kinachoweza kuenea katika kiganja, ambacho hukaa karibu na taa, hupokea umeme wa nyumba, huusikiliza ujumbe, na ndicho kinachowasha na kuzima. Kitufe na kipokezi hufundishwa kujuana siku ya kufungwa, kwa kubonyeza kijibonyezo kilichomo kwenye kipokezi na kisha kukibonyeza kitufe, na tangu hapo kipokezi huitii alama ya kitufe kile na kuzipuuza za wengine. Wala hakuna kizuizi cha kukifundisha kipokezi kimoja kutii vitufe kadhaa, na hapa ndipo mzee wetu wa ngazini anapopata faraja, kwani kitufe kimoja huwekwa juu na kingine chini, bila ya ule waya mrefu wa swichi mbili ambao mafundi waliukwepa kwa uzito wa kazi yake.

Kitufe hupata wapi nguvu ya kutoa ujumbe? Vingi hutumia betri ndogo mfano wa sarafu, ya volti 3, inayodumu miaka kadhaa kwa kuwa ujumbe wenyewe ni mfupi mno. Juu ya betri hii nina neno la kuwaambia wazazi, nalo nalisema kwa uzito wake wote: mtoto mdogo akiimeza, ikakwama kooni, umeme wake huanza kuunguza nyama ya umio, na madhara makubwa yaweza kutokea katika muda wa saa mbili, hata kama betri hiyo imeonekana imekwisha. Kitufe cha betri ambacho kifuniko chake hakikufungwa kwa skrubu kisiwekwe mahali panapofikiwa na mtoto, na mtoto akishukiwa kumeza asingojwe mpaka asubuhi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Namna ya pili ya kitufe ndiyo inayonipendeza zaidi, kwa kuwa haina betri kabisa. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea mbele ya waya uliozongwa huzaa umeme ndani ya waya ule. Na katika kitufe hiki nguvu ya kidole chako huisogeza sumaku ndogo kwa kishindo, ukazaliwa umeme haba sana, lakini unaotosha kupeleka ujumbe wa redio, ukarudiwa mara tatu kwa tahadhari, kabla hujaondoa kidole. Kampuni ya EnOcean, iliyozaliwa kutoka kampuni kubwa ya Siemens huko Ujerumani mwaka 2001, ndiyo iliyoivumisha hikima hii, na sasa wako watengenezaji wengi wa vitufe vya namna hiyo. Kwetu pwani, ambako hewa ya chumvi hula vishikizo vya betri mpaka vikaota kutu ya kijani, kitufe kisichokuwa na betri kina maana kubwa kuliko kule kilikobuniwa.

Mawimbi yanayotumika hayafanani, na jambo hili wanunuzi wengi hawaliulizi. Vifaa vya mtindo wa Ulaya aghalabu hutumia megahetsi 868, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 35. Vile vinavyofuata utaratibu wa Zigbee, kadhalika na vile vya Wi-Fi, hutumia gigahetsi 2.4, ambayo wimbi lake ni la sentimita 12 na nusu. Wimbi refu huvumilia kupenya ukuta kuliko lile fupi, na ukuta wa matumbawe wenye unyevu wa masika ni mtihani mkubwa kwa yote mawili. Chuma ni adui mkubwa zaidi: kipokezi kilichofungiwa ndani ya boksi la chuma, au kilichokaa nyuma ya friji, au kilichotenganishwa na kitufe kwa zege yenye nondo nyingi, husikia kwa shida au hakisikii kabisa. Vifaa vya Zigbee vina msaada wa kupokezana, yaani kifaa kimoja chenye umeme humfikishia mwenziwe ujumbe, walakini msaada huo hukatika pindi mtu anapozima umeme wa kifaa kilichokuwa katikati.

Na kwa kuwa ndugu zetu walio ughaibuni wana moyo wa kutuletea zawadi, sharti nitaje tofauti za nchi. Umeme wa Marekani wa majumbani ni wa volti 120, na wetu ni wa 230 hadi 240. Kipokezi kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani peke yake, kikiungwa kwetu, huungua, na pengine huunguza na vilivyo jirani yake. Isitoshe, masafa ya redio yanayoruhusiwa huko si yale yanayoruhusiwa huku. Kinyume chake, bidhaa zilizonunuliwa Oman kwa ajili ya nyumba za huko, ambako umeme ni wa volti 240 na soketi ni za mtindo wa Kiingereza mithili ya zetu, kwa kawaida zinatufaa. Almuradi maandishi yaliyo mgongoni mwa kifaa yasomwe kabla ya kifaa kuungwa, si baada ya moshi kutoka.

Tuje kwenye kazi ya kufunga, ambayo mimi nasihi aachiwe fundi mwenye leseni. Lakini mwenye nyumba anayejua linalofanywa humsimamia fundi wake vizuri zaidi. Katika nyumba zetu zilizofuata mtindo wa Kiingereza, waya wa moto na nyutro hufika kwanza darini, katika kile kikombe ambamo taa inaning'inia, na kutoka hapo hushuka waya mbili tu hadi kwenye swichi: moja inaleta moto, na nyingine inaurudisha darini swichi ikiwashwa. Katika boksi la swichi, basi, nyutro haimo. Hii ndiyo sababu swichi nyingi za kisasa zinazotaka nyutro hugoma kufungwa katika nyumba zetu, na ndiyo sababu kipokezi hufaa kukaa juu, darini, ambako waya zote zipo. Hatari iliyofichika hapa ni ya rangi. Katika ufungaji wa zamani moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi, na waya uliorudi kutoka kwenye swichi mara nyingi ulikuwa mweusi vilevile, ingawa swichi ikiwashwa huwa na moto kamili. Waingereza wenyewe walizibadili rangi zao baina ya 2004 na 2006, moto ukawa wa kahawia na nyutro ya buluu, na nyumba iliyofanyiwa ukarabati mara mbili au tatu yaweza kuwa na rangi za zama zote kwa pamoja. Rangi isiaminiwe. Swichi kuu izimwe, wenye nyumba waarifiwe ili asitokee mtu wa kuiwasha, na kila waya upimwe kwa testa kabla ya kuguswa.

Kipokezi kikishaungwa na moto na nyutro upande wa kuingilia, na taa upande wa kutokea, zile waya mbili za swichi ya zamani ama huungwa pamoja kwa konekta na kufunikwa, ama huachwa zimekatwa moto wake darini, jambo lililo salama zaidi. Na kifuniko kitupu hutiwa juu ya boksi ukutani. Kipokezi kisibanwe katikati ya pamba au makuti makavu, kwani hupata joto kidogo, nalo joto lazima lipate pa kutokea. Wala pangaboi lisiungwe kamwe na dima ya taa: mota yake haikubali kukatiwa umeme kwa namna ile, huvuma, hupata moto, na mwisho wake huharibika, pangaboi lina kidhibiti chake maalumu.

Dima zenyewe zinastahili maelezo marefu kidogo, maana watu wengi wamezijaribu wakazichukia, ilhali kosa halikuwa la dima zenyewe. Hapo kale, katika majumba ya tamthilia ya Ulaya na Marekani, mwanga ulipunguzwa kwa kuupitisha umeme katika vizuizi vikubwa vilivyougeuza umeme wa ziada kuwa joto tupu. Mwaka 1959, katika nyumba yake mjini New York, Joel Spira alianza kufanya majaribio ya kutumia kifaa kidogo cha elektroniki, na mwaka 1961 yeye na mkewe, Ruth, wakaanzisha kampuni ya Lutron, iliyoitia dima katika boksi la kawaida la swichi. Hikima yake ni hii: umeme wa majumbani hubadili mwelekeo wake, na katika nchi zetu hupita kwenye sifuri mara 100 kwa kila sekunde; dima, mfano wa bawabu anayechelewa kuufungua mlango ili wapite wachache, kila mara hungoja kitambo kidogo baada ya sifuri ndipo iuachie umeme upite. Globu za zamani za waya mwembamba zilipokea mkato huo kwa upole, kwani waya ule haukuwahi kupoa baina ya mkato mmoja na mwingine. Globu ya LED ina elektroniki zake ndani, na nyingi hazikutengenezwa kwa umeme uliokatwa. Ukizipa, hupepesa, hulia, au huzimika kabla ya nusu.

Dawa yake ni kununua globu iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa, kisha kuipa dima inayoukata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo wake, ambayo hupatana zaidi na LED. Fauka ya hayo, dima za zamani zilitaka mzigo usiopungua kiasi fulani, mara nyingi wati 40 au 60, na globu moja ya LED inayotoa nuru sawa na ile ya zamani ya wati 60 haili zaidi ya wati 9 hivi. Dima ikikosa mzigo inaoutaka, hutangatanga. Mwenye inveta ya bei nafuu, isiyotoa wimbi laini, na ajue pia kwamba dima haitafanya kazi sawasawa saa za inveta.

Baada ya mashaka hayo yote, je, dima inafaa kusumbukiwa? Naam, inafaa sana, na si kwa ajili ya anasa. Jicho la binadamu haliioni nuru kwa hesabu ya vipimo; nuru iliyoshushwa hadi robo, jicho huiona takriban ni nusu, kwa hiyo mwanga wa kiasi kidogo sana usiku unatosha kwa mengi. Mama anayemnyonyesha mtoto saa nane za usiku hataki nuru ya mchana, kwani mtoto atazinduka na nyumba nzima itakesha. Anayemuuguza mgonjwa anataka kuuona uso wa mgonjwa wake bila ya kumwamsha. Anayeondoka kitandani kwa ajili ya sala ya usiku, au kutengeneza daku wakati wengine wangali wamelala, anahitaji kuuona mlango na kizingiti, basi. Nuru ya kadiri, iliyo tayari chini ya kiganja kando ya mto, ni rehema kwa watu hawa, na kitufe kisicho na waya ndicho kinachoweza kukaa pale kando ya mto bila ya kuuvunja ukuta.

Nilisema mwanzo kwamba amri isitoke kwenye waya ikaenda mbali na nyumba, na sasa nieleze kwa nini. Ziko taa zinazowashwa kwa programu ya simu, ambazo amri yake husafiri kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali, ndipo irudi kwenye taa iliyo hatua tatu kutoka kwako. Mwezi wa Aprili 2022, huko Marekani, kampuni ya vifaa vya nyumbani iitwayo Insteon iliizima mitambo yake kwa ghafla, na wateja wake wakakuta simu zao haziwezi tena kuziamuru taa zao wenyewe. Kilichowasitiri ni kwamba swichi zao za ukutani ziliendelea kuutii mkono. Hebu mfikirie bibi asiyekuwa na simu ya namna hiyo, au mpangaji, au mgeni aliyefika kulala usiku mmoja: je, aombe ruhusa ya mwenye simu ndipo aone njia ya msalani? Aidha, globu zenye redio ndani yake, zikizimwa kwa swichi ya ukutani ya mazoea, hufa kabisa kwa simu na kwa kitufe, na nyingi, umeme ukikatika kisha ukarudi usiku wa manane, huwaka zote kwa pamoja. Waunguja ambao mwaka 2008 walikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, na kisha tena miezi ipatayo mitatu kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kuelezwa kwamba umeme hukatika. Basi na wamuulize muuzaji, kabla ya kulipa, taa hii hufanya nini umeme ukirudi, na je, hali hiyo yaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo mimi hukipendelea kitufe kinachosema na kipokezi moja kwa moja, bila ya kupitia intaneti, bila ya simu. Simu ikiongezwa baadaye, iwe ni nyongeza, na nyumba isipungukiwe na kitu siku itakapoondolewa.

Kabla ya kukikaza kitufe ukutani, kichukuliwe mkononi, na mtu atembee nacho nyumba nzima akikibonyeza, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku, na mwenziwe akiitazama taa. Palipo na mashaka mchana huo, usiku wa mvua patakuwa pabaya zaidi. Gundi ya nyuma ya kitufe haishikani na ukuta wa chokaa unaotoa unga, hivyo ni bora kukigandisha kwenye fremu ya mlango, au kwenye kibao kidogo cha mbao, na kwa kimo ambacho mtoto wa miaka saba na mzee aliyekaa kitini wote wataweza kukifikia. Kisha iandikwe karatasi kwa herufi kubwa, kipokezi gani kiko darini mwa chumba kipi na kinatii kitufe kipi, ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la swichi kuu. Maana kipokezi kilichofichwa hakionekani, na fundi atakayeitwa miaka kumi ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba taa ya ukumbini haiongozwi na boksi lile analoliona ukutani.